Farasi wa Kitale na Swali la Bungoma

 

Ndugu wasomaji, hivi karibuni nilikuwa Kitale katika mkutano wa siku tatu wa wasimamizi wa shule za binafsi. Usiku wa pili wenyeji walituandalia burudani sisi wageni. Nyanda zile za Trans Nzoia zamani zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, watu wa farasi; basi wakaona inafaa tuwe na usiku wa mbio za farasi. Farasi wenyewe hawakuwapo. Lilitundikwa pazia jeupe, zikaonyeshwa picha za mbio zilizokwisha kukimbiwa katika nchi za mbali, na kila mgeni akapewa pesa za karatasi, za kuchezea tu, aweke dau kwa farasi amtakaye.

Nami niliweka, nikidhani ni mchezo wa watoto. Nikamchagua nambari nne. Alipowapita wenzake mwishoni, nilijikuta nimesimama, nikipiga kelele pamoja na watu nisiowajua. Mbio tatu baadaye karatasi zangu zilikwisha. Hapo ikatangazwa kwamba aliyeishiwa anaweza kununua nyingine kwa shilingi 100 za kweli, na fedha hizo zitakuwa zawadi ya atakayemaliza na karatasi nyingi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kabla sijafikiri. Nikautoa mtupu, nikamwaga mwenyeji wangu kwa upole, nikaenda kulala. Usingizi haukuja upesi.

Mkutano ulipokwisha niliteremka Bungoma kumzuru binamu yangu. Nikawasimulia kisa hiki wakati wa chakula, kama kichekesho. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na ushei, hakucheka, wala hakula. Baada ya Isha alinifuata barazani.

“Ami, farasi hao nawajua,” akasema. “Wamo ndani ya simu yangu, wa kuchorwa. Wanakimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana.”

Akakiri kwamba mtaji aliopewa na babake aanzie biashara ya mahindi umeishia humo, na babake hajui. Kisha akauliza, “Lakini Ami, si Mtume mwenyewe (S.A.W.) alishindanisha farasi?”

Naam, alishindanisha. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar, katika Bukhari na Muslim, kwamba farasi waliozoezwa walikimbizwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Tuzo nayo imeruhusiwa katika mbio za ngamia na farasi na katika kulenga mishale, kwa kuwa hayo ni maandalizi ya kuilinda dini na mji. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, amewaingiza hata punda. Ndiyo maana Lamu, siku za Maulidi, punda hukimbizwa na watu hufurahi.

Nikamwambia kijana: tofauti haimo katika kwato, imo katika mali. Mpanda punda hushinda kwa kumjua mnyama wake na kwa jasho lake. Tuzo ikitolewa na mwenye kuandaa, aliyeshindwa hurudi kwake bila kupungukiwa na kitu. Kamari ni pale kila mmoja atoapo chake, akingoja ama kuchukua cha mwenziwe ama kupoteza alichonacho. Hiyo ndiyo iliyoharamishwa pamoja na ulevi katika Suratul-Maida, aya ya 90. Na aya inayofuata imetaja matunda yake: uadui, chuki, na kuzuiliwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali.

Na karatasi za kuchezea, je? Maadamu hazikununuliwa, hakuna mali iliyotoka, wala sithubutu kuziita kamari kamili. Lakini zinauzoeza moyo njia ya kwendea huko. Mimi mwenye ndevu nyeupe zilinichukua mbio tatu tu kufika mfukoni. Kijana aliye peke yake na simu yake zitamfikisha wapi?

Usiku ule ule tulikwenda pamoja kwa babake. Yaliyosemwa ni amana. Nitasema tu kwamba baba alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaagiza kijana aletewe chakula.

Enyi wazazi, waulizeni vijana wenu kabla ya mtaji kwisha, na muulize kwa namna itakayowapa ujasiri wa kujibu. Nanyi mnaokaribisha wageni, kuwakirimu ni sunna, waandalieni bao, mashairi, au mbio za miguu, kwani Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Wageni watacheka vilevile, na kila mmoja ataondoka na chake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu na mali zetu. Amin.