Maumivu ya Nyonga Siyo Chango la Kuvumilia: Tudai Fiziotherapia Kwenye Bima

Makamanda, tukipanda jukwaani kuongelea afya tunataja dawa kukosekana, wajawazito kutozwa hela na majengo mapya yasiyo na wahudumu. Sawa kabisa. Ila kuna maumivu ambayo hata sisi wapinzani hatuyataji: ya nyonga yanayotokana na endometriosisi.

Kwa lugha rahisi, tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanao ugonjwa huu, kama asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Hapa kwetu binti anaambiwa ni chango tu, eti ukizaa yataisha. Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani. Mwezi ujao yaleyale. Darasani hayupo, kibaruani bosi anamwita mvivu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mwili ukiumia muda mrefu, misuli hujikaza kujilinda. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo, ikikaa imekaza miezi na miaka, yenyewe inaanza kuuma. Ndiyo maana mwingine ameshafanyiwa upasuaji, au anatumia dawa za homoni, na bado anaumia akikaa, akienda haja au akiwa na mwenza wake.

Hapo ndipo fiziotherapia inapoingia. Mtaalamu anampima, anamfundisha kupumua kwa tumbo na kuilegeza misuli, anampa mazoezi ya kunyoosha nyonga, mgongo na mapaja, na kumpangia namna ya kurudi kwenye shughuli taratibu. Angalizo: yale mazoezi ya kubana misuli yanayosambaa mitandaoni yanaweza kuzidisha maumivu kwa mtu ambaye misuli yake tayari imekaza. Na tuseme ukweli, fiziotherapia haiondoi ugonjwa wala haichukui nafasi ya daktari wa magonjwa ya wanawake. Inaweza kupunguza maumivu na kumrudishia mtu siku zake.

Serikali itasema hela hakuna. Kwani hii inahitaji mashine ya mabilioni? Inahitaji mtaalamu, kitanda, chumba chenye faragha na muda. Wataalamu wanafundishwa hapahapa nchini, KCMC Moshi wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Halafu vijana wenye vyeti vya afya wanazunguka mtaani na bahasha, huku mgonjwa wa wilayani akiambiwa apande basi kwenda hospitali kubwa.

Mwaka 2001 kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka 2023 Bunge letu likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hebu tuwashike hapohapo kwenye neno "wote". Madai yetu yawe haya:

1. Kitita cha bima kitamke wazi fiziotherapia ya maumivu ya nyonga, kwa idadi ya vipindi inayotosha tiba.
2. Kila hospitali ya wilaya iajiri mtaalamu wa fiziotherapia, na baadhi yao wasomeshwe afya ya nyonga.
3. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe dalili za endometriosisi, ili binti apewe rufaa mapema.

Na sisi wenyewe tujisafishe. Mwanachama akikosa kikao kwa maumivu ya hedhi, tusimcheke kwenye grupu wala kumwita mzigo. Chama kinachotaka kuongoza nchi kiwaandikie madai haya dada zetu kwenye ilani yake, kwa herufi zinazosomeka.

Afya ni haki, siyo hisani. Sambaza hii mpaka imfikie mbunge wako.