Moshi Mweusi Haukuwa Kwenye Mtihani

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Chemba nikakuta pikapu ya baba mdogo imegeuka jiko la kuni. Ekzosi inafuka moshi mweusi, petroli inanuka hadi ndani, na safari moja ya Kondoa inakula mafuta ya safari mbili. Fundi wa kwanza alishatoa hukumu: nunua kabureta nyingine. Hela yenyewe ilikuwa ya ufuta, na humo humo nilitegemea nauli na kodi ya geto.

Baba mdogo akanigeukia: "Wewe msomi, unasemaje?" Kimya. Mwako nimeusoma tangu sekondari. Najua petroli kilo 1 inahitaji hewa kama kilo 14.7 iungue sawasawa, na hewa ikipungua yanabaki masizi na kaboni monoksidi. Mtihani niliufaulu. Mbele ya gari sikuona uhusiano wowote.

Tukampata fundi mwingine, mzee wa pale barabarani. Huyu aliuliza kwanza: moshi unatoka injini ikiwa ya baridi tu, au hata ikishapata moto? Hata ikipata moto, tukamjibu. Akafungua plagi: nyeusi, kavu, masizi matupu. Ingekuwa oili, alisema, plagi ingelowa na moshi ungekuwa wa bluu. Akachomoa chujio la hewa, akaligonga chini; likamwaga vumbi la msimu mzima. Akacheki choki: waya umekwama, kilango hakifunguki chote. Injini ilikuwa inakosa pumzi mara mbili. Tukanunua chujio jipya, waya ukalainishwa, plagi zikasafishwa. Kabureta ni ile ile hadi leo.

Wanaelimu wenzangu, tunakaribia mazoezi ya kufundisha, na najua tutakachosema: shule haina maabara. Sawa, lakini plagi mbovu fundi anakupa bure. Weka tatu mezani: yenye masizi, iliyolowa oili, na ya kahawia iliyoungua vizuri. Waache wanafunzi wabishane kila injini inaumwa nini, ndipo uandike mlinganyo ubaoni. Darasani hakosi mwenye kaka wa bodaboda. Huyo atakuwa na la kusema siku hiyo.

Utaniambia silabasi ni ndefu, muda hautoshi. Nakuelewa. Ila mimi silabasi nilimaliza yote, na bado nusura tununue kabureta.