Amri Moja, Njia Mbili: Kanuni Ambayo Migodi ya Kolwezi Inaihitaji

Mashine ya kupakia mawe inayotembea kilomita 10 kwa saa husogea karibu mita 2.8 kila sekunde. Mwendeshaji aliyeketi kwenye chumba cha mbali akikanyaga breki, na amri yake ikachelewa nusu sekunde, mashine huwa imesonga mita 1.4 kabla haijaanza hata kupunguza mwendo. Ndani ya njia nyembamba ya mgodi, umbali huo unatosha kumfikia fundi aliyeinama kukaza bomba la maji.

Kolwezi haiwezi kulikwepa jambo hili. Mwaka 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Mei 2025 mitikisiko ilisimamisha kazi za chini ya ardhi katika mgodi wa Kakula, magharibi ya mji. Mahali ambapo mwamba wa juu hauaminiki, ni haki mtu abaki nje na mashine iingie. Wenzetu wameshaanza: malori yasiyo na dereva yanafanya kazi katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, Chile, tangu 2008, na mgodi wa dhahabu wa Syama, Mali, ulipangwa kwa ajili ya mashine za namna hiyo. Naiunga mkono njia hii kwa jimbo letu la Lualaba, kwa sharti moja: redio inayobeba amri ya breki ikaguliwe kwa ukali uleule wa kamba inayowashusha wafanyakazi shimoni.

Dawa ya kwanza ya mafundi ni kurudia. Kama nakala moja ya amri katika kila 100 inapotea, nakala mbili zitapotea pamoja mara moja katika 10,000, na nakala tatu mara moja katika milioni. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo tu kila nakala inakutana na bahati yake yenyewe. Mgodini mambo hayaendi hivyo. Lori lililojaa likisimama kwenye kona mbele ya antena, linazuia nakala ya kwanza, ya pili na ya kumi, kwa sababu zote zimepita palepale.

Tuangalie kwa karibu. Chukua mtambo unaotuma amri 20 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 50. Amri moja ikipotea peke yake, mashine haina haja ya kushtuka, maana nyingine iko njiani. Hatari ni kumi zinazopotea mfululizo: hizo ndizo ile nusu sekunde, na ile mita 1.4. Mtandao unaopoteza amri kumi zilizotawanyika ndani ya saa nzima, na ule unaopoteza kumi kwa mkupuo, ina wastani mmoja kwenye ripoti. Wa kwanza ni salama, wa pili unaweza kuua. Ndiyo maana wastani haupaswi kukubaliwa kama ushahidi wa usalama.

Kurudia ovyo nako kuna gharama. Kila mashine ikituma kila amri mara nne, hewa inajaa, foleni inakua, na amri zinachelewa kwa sababu ya dawa yenyewe. Teknolojia ya NB-IoT, iliyowekewa viwango mwaka 2016, inaweza kurudia ujumbe hadi mara 2,048 ili usikike mahali pagumu. Hiyo inafaa kwa kipimo cha maji kwenye bwawa la mabaki ya madini, ambacho kinaweza kusubiri. Breki haisubiri.

Waandishi wa viwango vya 5G wameelekea kwingine. Toleo la 15, la 2018, lilianzia kwenye lengo la ujumbe mfupi kufika ndani ya milisekunde moja kwa uhakika wa asilimia 99.999. Toleo la 17, la 2022, likaruhusu ujumbe uleule wa udhibiti kutumwa kutoka vituo viwili tofauti, na kipokezi kuunganisha nakala mbili dhaifu kupata moja inayosomeka. Lori likiziba njia ya kituo kimoja, cha pili bado kinaiona mashine.

Kwa Kolwezi, utofauti huo wa njia lazima ufike hadi kwenye umeme. Shaba yetu inategemea kwa sehemu laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyozinduliwa 1982, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Vituo viwili vya redio vinavyokula umeme wa waya mmoja bila betri zake vyenyewe vitazimika pamoja. Hapo huna njia mbili. Una njia moja yenye antena mbili.

Wapo watakaosema kanuni kama hizi zitapandisha gharama na kusimamisha mashine mara kwa mara. Ni kweli, mashine inayojizima kila isiposikia amri itakata uzalishaji. Kwa sababu hiyo hasa, kikomo cha kujizima kisiachwe mikononi mwa msimamizi wa zamu anayedaiwa tani. Atakisogeza kutoka milisekunde 200 hadi sekunde nzima, kazi itaendelea vizuri kwa wiki kadhaa, na hakuna atakayejua hadi siku ya ajali.

ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ndiyo inayosimamia masafa ya redio nchini, na Wizara ya Madini inasimamia usalama wa migodi. Zikae pamoja na ziandike mambo matatu. Amri za mwendo na breki zipite njia mbili zenye antena, nyaya na umeme tofauti. Kikomo cha kujizima kiwekwe kwa kanuni, na kila badiliko liandikwe kwa jina la aliyelifanya. Na kila mgodi uripoti, kila mwezi, ukimya mrefu kuliko wote uliotokea kati ya amri mbili, huku wawakilishi wa wafanyakazi wakipewa nakala. Mtandao kurekodi ukimya huo ni kazi rahisi. Kinachohitajika ni serikali kuudai kabla ya kutoa kibali cha masafa.