PlayStation ilitimiza miaka 30, lakini cheti cha asili hakitutaji

Jumanne, Desemba 3, 2024, mashine ya gemu ya PlayStation ilitimiza miaka 30 tangu ianze kuuzwa nchini Japani. Sony iliisherehekea siku hiyo kibiashara. Ilitoa toleo la ukumbusho lenye rangi ya kijivu kama ile ya mashine ya kwanza, na seti ya bei kubwa zaidi ilitengenezwa kwa idadi ya 12,300 tu, hesabu inayotokana na tarehe yenyewe, mwezi wa 12 siku ya 3. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,000, na ziligombewa kama mkate wa moto.

Siku hiyo hiyo nilikuwa Grande Barrière, upande wa Gisenyi, nikisubiri mtu. Mbele yangu alisimama kijana mwenye mfuko wa plastiki wa mistari, ile mifuko tunayoijua sote. Ndani yake mlikuwa na mashine mbili kuukuu za PlayStation 2, manette nne na nyaya zilizofungwa kwa mpira. Alikuwa anazipeleka Goma. Afisa akamuuliza bidhaa hizo asili yake ni wapi.

"Chef, nimenunua Kigali."

"Kigali ni dukani. Nakuuliza asili."

Kijana hakuwa na jibu. Alilipa alichotakiwa kulipa, akakunja stakabadhi, akaenda zake. Afisa hakukosea. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa COMESA, ule unaomwezesha mama wa maharage au wa viazi kuvuka kwa cheti chepesi bila kutozwa ushuru wa forodha, unahusu bidhaa zilizoorodheshwa ambazo asili yake ni nchi wanachama. Mashine ya Kijapani haipati asili ya Rwanda kwa kulala wiki mbili katika duka la Kigali.

Hata hivyo swali la yule afisa limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Asili ya PlayStation 2 ni wapi hasa?

Nianze na sherehe yenyewe, maana mwaka 2024 Wajapani walikuwa na mengi ya kukumbuka. Novemba mwaka huo katuni ya Dragon Ball ilitimiza miaka 40 tangu sura yake ya kwanza ichapishwe Novemba 1984. Mchoraji wake, Akira Toriyama, alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 68, na msururu mpya alioshiriki kuuandaa, Dragon Ball Daima, ulianza kuonyeshwa Oktoba. Ukanda wetu uliyajua haya mapema. Watoto wa Goma na Gisenyi waliyapokea kwa Kifaransa. Captain Tsubasa, katuni ya mpira iliyoanza kama kitabu mwaka 1981, tuliiita Olive et Tom, na wengi wetu hatukujua kwamba wale watoto wanaokimbia uwanja usio na mwisho walikuwa Wajapani.

PlayStation nayo ina hadithi ambayo mfanyabiashara yeyote ataielewa bila kufafanuliwa. Sony haikuanzia peke yake. Ilikubaliana na Nintendo kutengeneza kifaa cha CD cha kuunganishwa na mashine ya Nintendo. Mwaka 1991, mara tu Sony ilipotangaza mpango huo, Nintendo ikatangaza hadharani kwamba itashirikiana na Philips. Nani kati yetu hajawahi kuachwa na mwenzake wa biashara mzigo ukiwa njiani? Mhandisi Ken Kutaragi aliwashawishi wakubwa wake wasikunje mkeka, bali watengeneze mashine yao wenyewe. Ikauzwa zaidi ya milioni 100. Iliyofuata, PlayStation 2 ya Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyowahi kuifikia.

Kilichoileta kwetu ni ile CD. Kaseti za Nintendo zilikuwa ghali na ngumu kunakili. CD ilinakiliwa kwa bei ya chai. Sisemi ilikuwa halali, nasema ndivyo ilivyokuwa. Mafundi walibandika kijisahani ndani ya mashine ili isome CD za kunakili, na vyumba vya gemu vikafunguliwa kila mtaa kuanzia Kampala hadi Bukavu. Mtu mmoja mwenye televisheni, mashine moja na mabenchi mawili alikuwa na biashara. Watoto walilipa kwa mechi, si kwa saa, na aliyefungwa alimpisha mwenzake.

Chumba nilichokijua mimi kilikuwa nyuma ya soko la Gisenyi. Mwenyewe alikuwa kijana wa Goma aliyevuka Januari 2002, siku zile Nyiragongo ilipomwaga moto katikati ya mji na watu wakamiminika upande wetu kwa miguu. Wengine walibeba magodoro, wengine mbuzi. Yeye alibeba televisheni kichwani, na mdogo wake alibeba PlayStation kwenye kikapu. Tulipomuuliza kwa nini hakuchukua vyombo vya ndani, alisema vyombo havilipi kodi ya nyumba. Kwa miezi kadhaa mashine ile ililisha watu sita.

Sasa turudi kwenye swali la afisa.

Ndani ya vifaa vya elektroniki vya kizazi kile, pamoja na simu za mkononi na kompyuta, mna vijipande vidogo vinavyoitwa kapasita, kazi yake kuhifadhi umeme na kuutoa kwa kipimo. Zilizo bora na ndogo zaidi hutengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hupatikana katika jiwe ambalo kila mtoto wa Masisi analijua kwa jina la koltani. Mwaka 2000 viwanda vya dunia vilihofia kukosa tantalamu. Simu zilikuwa zinaongezeka kila mwezi, na PlayStation 2 ilikuwa inaingia sokoni. Ilipofika Marekani mwezi Oktoba, Sony ilipeleka mashine 500,000 badala ya milioni moja ilizokuwa imeahidi, kwa sababu ya upungufu wa vipuri. Bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa ndani ya mwaka huo, kisha ikaporomoka mwaka 2001.

Waliokuwa na akili wakati ule katika Kivu hawahitaji kusimuliwa. Wakulima waliacha mashamba, wanafunzi waliacha madarasa, malisho ya Masisi yakachimbwa mashimo. Goma ilijaa nyumba za kununulia madini, zile comptoir. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vinaendelea, na waliokuwa na bunduki ndio waliotoza kodi. Novemba 2000 kundi la RCD, lililotawala mji, liliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likachapisha ripoti juu ya uporaji wa maliasili za Kongo. Mapema 2002 Pole Institute ya pale pale Goma ikatoa utafiti wake kuhusu koltani na maisha ya wachimbaji. Nje ya bara wapo walioviita vita vile vita vya PlayStation.

Jina hilo silipendi, kwa sababu linadanganya pande mbili. Mzalishaji mkubwa wa tantalamu wakati ule alikuwa Australia, si Kongo, na PlayStation ilikuwa mnunuzi mmoja kati ya wengi. Pia linawaondoa wenye vita kwenye lawama, kana kwamba mtoto wa Chicago aliyetaka gemu ya Krismasi ndiye aliyeshika bunduki Walikale. Lakini chembe ya ukweli ipo. Mawe yaliyotoka katika vilima hivi, wakati huo huo, yaliingia katika mkondo ule ule uliotengeneza mashine zile. Hakuna awezaye kufungua mashine mbili za yule kijana akaniambia tantalamu yake ilichimbwa Rubaya au Australia. Ndiyo sababu nasema cheti cha asili hakitutaji. Jiwe lilivuka mpaka huu bila jina, likarudi na jina la Japani, na sisi tukalinunua kwa ushuru.

Msomaji atauliza, haya ya mwaka 2000 yanamsaidia nini mfanyabiashara wa leo? Yanamsaidia kwa sababu hayajaisha. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilizitaka kampuni zitoe taarifa kuhusu madini yanayotoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huo Kinshasa ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Walioumia kwanza hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa mama wa vitumbua, msukuma chukudu na muuza sabuni, ambao wateja wao walikuwa wachimbaji. Baadaye zikaja lebo za kufungwa kwenye magunia. Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Kinshasa inaishutumu Kigali, Kigali inakanusha, na mwaka 2024 mazungumzo yalikuwa Luanda. Na mwaka 2024 sisi mpakani tuliishi na saa za kuvuka zilizofupishwa tangu Juni 2022. Aliyefika jioni na mzigo alilala nao.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kusema katika sherehe hii ya watu wengine.

La kwanza ni dogo na linawezekana kesho. Biashara ya elektroniki kuukuu kati ya Gisenyi na Goma ipo, ni ya vijana, na itaongezeka. Isiendeshwe kwa kubahatisha. Ibandikwe mpakani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, orodha ya bidhaa zinazopita kwa utaratibu rahisi na zisizopita, na kwa zile zisizopita kiandikwe kiwango cha kulipa. Na wewe unayevuka, kabla ya kununua mzigo, ulizia kwenye dawati la habari za biashara la COMESA mpakani. Dai stakabadhi ya dukani, na dai stakabadhi ya forodha. Yule kijana, angejua kabla, angepanga bei yake Goma mapema badala ya kupigia hesabu mfukoni mwa suruali akiwa kwenye foleni.

La pili ni la wakubwa. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na hapa mpakani bado hatujaona forodha zikioanishwa. Wakikaa kuzungumza, wasizungumzie nyanya na samaki peke yake. Kanuni za asili ya bidhaa ndizo zinazoamua nani anaitwa mzalishaji. Nchi inayouza jiwe ghafi huandikwa mara moja tu, gunia linapoondoka, na baada ya hapo jina lake hupotea. Tukisafisha madini hapa, tukatengeneza hata kipuri kimoja hapa, jina litabaki. Hilo haliwezekani wakati kila upande unaliona jiwe la mwenzake kama mawindo, na ndiyo maana amani ya Masisi ni suala la kibiashara kwa muuza manette wa Gisenyi.

La tatu linahusu kumbukumbu. Wazazi wengi wataniambia gemu na katuni zimewapotezea watoto wao muda, na kwamba miaka 30 ya PlayStation haituhusu. Kuhusu muda, kweli, baadhi yetu tulifeli hesabu za Jumatatu kwa sababu ya mechi za Jumapili. Lakini mafundi wanaotengeneza simu zetu leo, baadhi yao walishika bisibisi kwa mara ya kwanza kufungua PlayStation iliyogoma. Wajapani hawakumbuki tarehe hizi kwa sababu wanapenda michezo kuliko sisi. Wanazikumbuka kwa sababu waliziandika, wakajua nani alichora, nani alibuni, siku gani duka lilifunguliwa. Nasi tunao wa kuwaandika. Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyoanzia Dar es Salaam, ilifikisha miaka 10 mwaka 2024. Ni wangapi mpakani wanaojua?

Nilimpata yule kijana baadaye mchana, akirudi mikono mitupu, mashine zote mbili zimeuzwa. Nilimweleza habari ya koltani. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema babu yake alichimba Rubaya mwaka ule ule wa 2000, na kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kujua mawe yale yalikuwa yanakwenda kufanya kazi gani.

"Kumbe," akasema, "tulikuwa tunajiuzia wenyewe."