UCHAMBUZI: Silabasi ya mistari saba inayomeza miaka ya vijana India

JIONI ya Julai 27, 2024, mvua kubwa ilinyesha jijini Delhi na maji ya barabarani yakafurika hadi katika ghorofa ya chini ya ardhi ya kituo kimoja cha mafunzo mtaani Old Rajinder Nagar. Ghorofa hiyo ilikuwa imegeuzwa maktaba, ingawa haikuwa imeidhinishwa kwa matumizi hayo. Wanafunzi watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, walikufa maji.

Waliokuwa wakijisomea humo hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wazima wenye shahada za vyuo vikuu, waliotoka majimbo ya mbali kuja kujitayarisha kwa mtihani mmoja tu: ule wa kuajiriwa katika ngazi za juu za utumishi wa umma. Siku chache baadaye, Mahakama ya Juu ya India ilisema vituo vya aina hiyo vimegeuka kuwa vyumba vya mauti.

Mjadala uliofuata ulihusu mabomba ya maji taka, vibali vya ujenzi na uzembe wa wakaguzi. Ni machache yaliyosemwa kuhusu kilichowapeleka vijana hao chini ya ardhi, yaani silabasi ya mtihani wenyewe. Na bila kuielewa silabasi hiyo, mtu hawezi kuelewa ni kwa nini taifa lenye vyuo vikuu tele huwalazimu wahitimu wake kuanza upya, tena kwa kulipa, kile walichodhani wamekwisha kujifunza.

Mtihani huo husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, UPSC, chombo kilichoundwa kwa mujibu wa katiba ya nchi hiyo. Hufanywa kwa awamu tatu katika muda unaokaribia mwaka mzima. Katika awamu ya mwaka 2024, watu 992,599 walituma maombi na 583,213 wakaketi kwa mtihani wa mchujo. Waliofaulu kuingia mtihani mkuu ni 14,627. Walioitwa kwa mahojiano ni 2,845. Mwishowe, waliopendekezwa kuajiriwa walikuwa 1,009.

Kwa hivyo, kwa kila watu 1,000 walioketi chini siku ya kwanza, hawakufika wawili waliopata kazi. Huo ndio uzani ulio juu ya kila neno la silabasi.

Karatasi ya kwanza ya mchujo, ile inayoamua hatima ya wengi, ina maswali 100 ya kuchagua jibu na alama 200. Silabasi yake ni mistari saba tu: matukio ya sasa ya kitaifa na kimataifa, historia ya India na harakati za uhuru, jiografia ya India na dunia, siasa na utawala, maendeleo ya kiuchumi na kijamii, mazingira, bayoanuwai na mabadiliko ya tabianchi, kisha sayansi ya jumla. Basi. Hakuna orodha ya vitabu, hakuna mipaka ya miaka, wala hakuna anayeambiwa asome kwa kina kipi.

Hebu litazamwe neno "matukio ya sasa". Sasa hii inaanza lini? Mwaka jana? Miaka mitatu iliyopita? Tume haisemi. "Jiografia ya dunia" nayo inaishia wapi? Mnamo 2022 watahiniwa waliulizwa ni ziwa lipi la Afrika Magharibi lililokauka na kugeuka jangwa. Jibu lilikuwa Ziwa Faguibine, lililoko Mali. Miongoni mwa majibu ya kupoteza maboya lilikuwamo Ziwa Victoria, ambalo mtoto yeyote wa Kisumu angeling'amua mara moja kuwa haliko magharibi wala halijakauka. Lakini kijana wa Bihar aliyetumia miaka minne kusomea uhandisi wa mitambo angelijuaje Faguibine? Na asiyejua hawezi kubahatisha bila hofu, kwa kuwa kila jibu lisilo sahihi hukatwa theluthi moja ya alama za swali hilo.

Hapo ndipo biashara ya mafunzo ilipopata nafasi. Silabasi isiyo na mipaka huhitaji mfasiri, na mfasiri hulipwa. Ada ya kujiandikisha kwa mtihani huo ni rupia 100 tu, na wanawake, walemavu pamoja na watu wa tabaka na makabila yaliyotengwa kihistoria hawalipi chochote. Gharama halisi imo kwingineko: karo ya kituo, kodi ya chumba mjini Delhi, majarida ya kila mwezi yanayodai kukusanya matukio yote muhimu, na majaribio ya wiki kwa wiki. Serikali inauza mtihani kwa bei ya chini, kisha soko linauza maana yake kwa bei ya juu.

Tume nayo haikulisaidia jambo hili. Kwa miaka mingi ilichapisha majibu sahihi ya mchujo baada ya shughuli yote kukamilika, wakati ambapo aliyeanguka alikuwa ameshaketi tena au yuko mbioni kuketi. Ni mwaka wa 2025 ambapo iliiarifu Mahakama ya Juu kwamba imeamua kutoa majibu ya muda mara baada ya mchujo.

Walimu wazoefu huwashauri wanafunzi waibandike silabasi ukutani na kuisoma sambamba na maswali ya miaka iliyopita, kwa kuwa maswali ndiyo yanayoonyesha mistari ile saba humaanisha nini. Huwarejesha pia kwenye vitabu vya kiada vya shule, kuanzia darasa la sita hadi la 12. Ni jambo la kushangaza kumwona daktari mwenye umri wa miaka 28 akikariri kitabu cha jiografia cha mtoto wa miaka 13, lakini ushauri wenyewe una busara. Vitabu hivyo vina kitu ambacho silabasi haina, nacho ni mwisho.

Mtihani mkuu una maelezo marefu zaidi. Mtahiniwa huandika karatasi tisa. Mbili ni za lugha, moja ya Kihindi au lugha nyingine ya India na moja ya Kiingereza, ambazo ni za kufaulu tu bila kuhesabiwa. Saba zilizosalia zina alama 250 kila moja: insha, nne za masomo ya jumla, na mbili za somo ambalo mtahiniwa hujichagulia kutoka orodha ya masomo 25 au fasihi ya mojawapo ya lugha 23. Zikiongezwa alama 275 za mahojiano, jumla huwa 2,025.

Karatasi za masomo ya jumla hutaja mada kwa vifungu: historia ya dunia tangu karne ya 18, mahusiano ya serikali kuu na majimbo, ruzuku za wakulima, usalama wa mipakani, majanga. Katika tatu za kwanza mtahiniwa hujibu maswali 20 kwa mkono katika saa tatu, yaani dakika tisa kwa kila swali, kufikiri kukiwamo. Ya nne, iliyoanzishwa mwaka 2013, inahusu maadili, na humwekea mtahiniwa visa vya afisa aliyebanwa baina ya sheria, shinikizo la wakubwa na dhamiri yake. Kama uadilifu unaweza kupimwa kwa kalamu ni swali ambalo Wahindi wenyewe hawajaafikiana, na si ajabu kwamba tayari kuna vitabu vya kufundisha jinsi ya kuonekana mwadilifu kwa maneno 250.

Hata hivyo, kosa kubwa ni kuichukulia silabasi hii kama orodha ya elimu tu. Tangu mwanzo imekuwa chombo cha kuamua nani atawale.

Waingereza walipoanzisha ushindani wa wazi wa kuajiri watawala wa India mwaka 1855, kwa kufuata ripoti ya kamati ya Thomas Macaulay, mtihani ulifanyiwa London. Kigiriki na Kilatini vilipewa alama 750 kila kimoja. Kisanskriti na Kiarabu, lugha ambazo Mhindi msomi angezijua, zilipewa 375. Hakuna kifungu kilichosema Wahindi wasiingie. Hakikuhitajika. Satyendranath Tagore alifaulu mwaka 1863 akawa Mhindi wa kwanza, lakini mwishoni mwa miaka ya 1870 umri wa juu wa kuketi ulishushwa hadi miaka 19, na mlango ukawa mwembamba zaidi kwa kijana aliyepaswa kwanza kuvuka bahari. Ni mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanyiwa India pia.

Baada ya uhuru, kila mabadiliko ya silabasi yalizua vuta nikuvute hiyo hiyo. Kamati ya D.S. Kothari, iliyotoa ripoti yake mwaka 1976, ilileta mfumo wa awamu tatu ulioanza 1979, na ikafungua njia ya kujibu kwa lugha za India zilizotambuliwa kikatiba. Watoto wa vijijini waliosomea Kihindi, Kitamil au Kimarathi wakapata pa kukanyaga.

Mnamo 2011, karatasi ya pili ya mchujo ilibadilishwa ikawa ya kupima ufahamu, mantiki na hesabu. Kwa mtazamo wa kwanza hilo lilikuwa jambo la haki, kwani mantiki haina kabila. Lakini wahitimu wa uhandisi na usimamizi walikuwa wamezoea maswali ya aina hiyo, ilhali waliosomea historia au fasihi kwa Kihindi walijikuta wageni. Vifungu vya ufahamu vilitungwa kwa Kiingereza kisha vikatafsiriwa. Waandamanaji walikuwa na mfano waliopenda kuutaja: kiwanda cha chuma kilichogeuka katika Kihindi kuwa mmea wa chuma, kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye dawati la tafsiri usiku anajua makosa kama hayo huzaliwaje, ila hapa yaligharimu watu ajira.

Mnamo Machi 2013 tume ilijaribu kuingiza alama za Kiingereza katika hesabu ya mtihani mkuu, wabunge wakazua rabsha, na pendekezo likaondolewa mwezi huo huo. Mwaka uliofuata vijana walijaa barabarani Delhi. Mnamo Agosti 2014 serikali ilisema alama za ufahamu wa Kiingereza hazingehesabiwa, na mwaka 2015 karatasi nzima ya pili ikafanywa ya kufaulu tu, kwa asilimia 33.

Mkenya anayesoma haya anaweza kujiuliza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu nchi hizi mbili zilitawaliwa na mkoloni mmoja kwa njia mbili tofauti za kuajiri. Waliotumwa India walipitia mtihani. Waliotumwa Kenya na makoloni mengine ya Afrika hawakufanya mtihani wa aina hiyo. Walichaguliwa kwa barua za walimu wao na mahojiano katika Ofisi ya Makoloni, ambako kwa miaka mingi hadi 1948 Sir Ralph Furse ndiye aliyekuwa na usemi mkubwa. Kilichotazamwa kilikuwa tabia, michezo na shule aliyotoka mtu.

Urithi huo haujatoweka. Kenya haina mtihani mmoja wa kitaifa wa kuingia ngazi za juu za utumishi wa umma. Kuna tangazo, orodha ya walioteuliwa na mahojiano. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka ushindani wa haki na sifa za kazi, lakini kinautaka pamoja na uwakilishi wa jamii zote na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake na walemavu. Kila orodha ya uteuzi inapotangazwa, majina hupekuliwa kutafuta kabila kabla ya shahada, na husikika sauti za kutaka mtihani uwe mwamuzi.

Sauti hizo zina hoja nzito. Mtihani wa India, pamoja na kasoro zake, huendeshwa kwa kalenda inayojulikana, matokeo hutangazwa hadharani, na mtoto wa mkulima asiye na mjomba serikalini amewahi kushika nafasi za mbele. Nafasi za tabaka zilizobaguliwa zimetengwa ndani ya mfumo wenyewe. Watahiniwa wa kawaida hupewa majaribio sita hadi umri wa miaka 32, ilhali wa tabaka na makabila yaliyoorodheshwa kikatiba huruhusiwa hadi 37 bila kikomo cha majaribio. Lakini anayeutaka mtihani huo uletwe Nairobi ana wajibu wa kusema kwanza ni nani atakayeandika mistari saba ya Kenya, itakuwa kwa lugha gani, na ni maktaba gani ya Mandera au Turkana itakayokuwa na vitabu vya kuifafanua.

Matokeo ya mwisho ya awamu ya 2024 yalitangazwa Aprili 22, 2025. Watahiniwa 1,836 waliokuwa wamefika hadi chumba cha mahojiano hawakuwamo katika orodha. Alama za mchujo haziwekwi akiba, na hata za mtihani mkuu hazimfai mtu mwaka unaofuata. Wale waliokuwa na majaribio yaliyosalia, na waliojiandikisha mapema kwa tahadhari, walirudi kwenye maswali yale 100 ya kuchagua Mei 25, siku 33 baadaye.