Treni ya Ubundu ipite na watu wake
Safu ya Ng'ambo ya Kushoto
Na Furaha Lokwa

Ukitaka kumshawishi mgeni aje Kisangani, utamtajia kwanza Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko, kisha utamtajia sinema. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga picha za "The African Queen" huko Biondo, kando ya mto Ruiki, na njia ya kufika huko ilikuwa reli yetu. Mtu alivuka mto Kongo kutoka Kisangani hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto, akapanda gari la moshi linalokula kuni, akashuka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Hapo ndipo linapozaliwa wazo la kufufua kichwa kimoja cha zamani cha treni, kupaka mabehewa rangi na kuwauzia watalii tikiti.

Mimi nalipenda wazo hilo. Lakini ninavyolisikia likielezwa, ndani yake kuna waigizaji wa sinema, kuna moshi na msitu, na watu wa njia hiyo hawamo.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya mandhari. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unaanguka mara 7, na hakuna masua inayoweza kupita. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ililaza reli ya kilomita 125 kuyakwepa maporomoko hayo, na treni zikaanza kufika Ponthierville mwaka 1906. Mfalme Léopold II aliipa kampuni hiyo hekta milioni 4 za ardhi. Sisi tulitoa mabega. Huo ulikuwa wakati wa kazi za kulazimishwa, na baadaye, miaka na miaka, kila kichwa cha mvuke kilipita kwa sababu kuna mtu aliyeamka alfajiri akakata kuni na kuzipanga kando ya njia.

Kuna jambo moja la kiufundi linalosahauliwa. Reli ya Ubundu ina upana wa meta 1 kamili, wakati njia nyingine za SNCC, shirika la reli la taifa, zile za Kindu, Kalemie na Katanga, zina milimita 1,067. Kwa hiyo Lubumbashi haiwezi kutuazima kichwa cha dizeli kikatembea hapa bila kubadilishwa magurudumu. Lakini meta 1 ndiyo reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania. Vipuri na mafundi wa upana wetu wako huko mashariki, na huko ndiko tungepaswa kubisha hodi kabla ya kuandika barua Ulaya.

Nairobi wana jumba la makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Humo kimo kichwa namba 5918, Mount Gelai, kimoja kati ya vile 34 vilivyoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, chenye tani 252. Kwa reli yetu kingekuwa kizito mno, na sikitamani. Ninachotamani ni kitu kingine walichokihifadhi: behewa ambamo simba alimvuta na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, mwaka 1900. Amekufa mtu mmoja, na miaka zaidi ya 120 baadaye mtoto wa shule bado anaonyeshwa dirisha la behewa hilo.

Na sisi? Aprili 1997 wakimbizi wa Kirwanda walikuwa wamejaa kambi za kando ya reli hii, Kasese kwenye kilomita 25 na Biaro kwenye kilomita 41. Kambi zikashambuliwa, watu wengi wakauawa, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeyaandika hayo. Tarehe 4 Mei, walionusurika walijazwa kwenye treni kutoka Biaro kuja Kisangani. Mabehewa yalipofunguliwa, zaidi ya watu 90 walikuwa wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa.

Treni ya utalii itakayopita Biaro bila kusimama itakuwa inawadanganya abiria wake. Isimame. Pawe na jiwe lenye maandishi, na mtu wa kijiji alipwe kusimulia, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Tena isiwe treni ya mabehewa mawili ya wageni wenye kamera. Kwenye njia hii watu husukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese, mchele na mihogo, siku kadhaa msituni, kwa sababu treni haina ratiba ya kutegemewa. Nyuma ya behewa la mtalii yafungwe mabehewa ya mzigo, na mama wa Ubundu apakie gunia lake kwa bei anayoiweza. Mtalii atakuwa amechangia dizeli ya safari inayomsaidia mtu. Kichwa cha mvuke, kikipatikana, kitembee kilomita chache karibu na mji siku za sikukuu; kazi ya kweli ifanywe na dizeli.

Kabla ya yote hayo, SNCC na serikali ya mkoa waandike daftari la kila chuma cha zamani kilichobaki kwenye njia hii, na wapige marufuku kukiuza kama chuma chakavu. Na waliowahi kutia kuni kwenye tanuru za vichwa vile ni wazee sana sasa. Anayeitaka treni hii awaendee hao mwaka huu, Lubunga na Ubundu, na kinasa sauti mkononi, kabla hajaanza kumtafuta mfadhili.