Jiwe liko na alama yake. Lipimeni!

Vijana wenzetu wa Minova, Bukavu na Goma, tumechoka kusikia neno moja: eti haiwezekani kujua koltani ilitoka shimo gani. Wanunuzi wanasema hivyo, na wakubwa wa nchi za mbali wanawaitikia. Uongo! Jiwe lenyewe linajua, na kuna watu wanaojua kuliuliza.

Tueleze kidogo, juu shuleni hatukufundishwa hii. Ndani ya punje ya koltani muko uraniamu kidogo. Ile uraniamu inageuka risasi polepole sana (risasi ya madini, si ile tunayosikia usiku), na kila isotopu yake iko na mwendo wake usiobadilika. Ukipima uraniamu iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. Ongeza vitu vingine vilivyochanganyika ndani ya punje, unapata alama, kama ya kidole. Shirika la jiolojia la Ujerumani, BGR, liko kwenye kazi hiyo tangu miaka ya 2000, na CIRGL iliiweka ndani ya mpango wake wa kuhakikisha madini. Basi njia iko.

Tuseme ukweli wote, tusidanganye kama wao. Koltani ya Masisi, ya Kalehe na ya Rwanda inatoka kwenye ukanda mmoja wa mawe, na umri wake unakaribia miaka milioni elfu moja. Mpaka uliwekwa na Wazungu juzi tu, jiwe haliujui. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Inatakiwa sampuli ya kila shimo, Rubaya, Numbi, kila kilima, ndipo ulinganishe. Mifuko ikichanganywa, kazi inakuwa ngumu. Na koltani ikishayeyushwa kiwandani, imekwisha: alama imepotea.

Ndiyo maana tunakasirika. Kule wanaamini etiketi, na etiketi inasema tu kile aliyeifunga alitaka iseme. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi makubaliano ya madini na Kigali. Miezi miwili tu baadaye M23 wakashika Rubaya. Mwisho wa mwaka ule ule wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba tani zisizopungua 150 za koltani ya Rubaya zilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Januari 2025 vita ikaingia hapa Minova. Makubaliano yao, sisi ndio tuliyalipa.

Tunadai shehena yoyote kutoka Maziwa Makuu ipimwe kabla ya kuingia kiwandani, na maabara isiyolipwa na muuzaji. Matokeo yatangazwe, yasifungiwe kabatini. Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya vita: sampuli za machimbo yetu zichukuliwe mara tu njia ikifunguka, wachimbaji wakiwa pale wanaangalia.

Na musirudie ile ya Septemba 2010, Kabila alipofunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wenye bunduki waliendelea kula. Walioumia ni mchimbaji na mama anayemuuzia fufu. Safari hii mupime mifuko ya wakubwa, mwachie mchimbaji sururu yake.